Alama za Kisu kwenye Fremu ya Mlango

Kwenye fremu ya mlango wa chumba cha mama, nyumbani kwetu nje kidogo ya Tukuyu, kuna alama za kisu. Wageni hudhani tulikuwa tukipimana urefu utotoni. Sivyo. Masika moja unyevu uliozesha sanduku lake la vitenge, na tangu hapo kila Aprili mama alichukua kisu cha jikoni akakwaruza ubao usawa wa pale unyevu wa ukuta ulipoishia. Alama ya kwanza iko chini kabisa, inanifika kwenye kifundo cha mguu. Ya mwaka 2009 inanifika kiunoni.

Mvua ya Rungwe si ya kusimuliwa. Inaanza Novemba, inakwenda hadi Mei, na kwa mwaka inapita milimita 2,000. Wazee wetu waliijua vizuri. Nyumba zao za mianzi waliziezeka nyasi zikashuka mbali na ukuta, hata kuni zilipangwa chini ya upenu zisilowe. Sisi tukaja na matofali ya kuchoma na bati.

Baba alijenga mwaka 1983. Udongo tuliukanyaga wenyewe bondeni, matofali tukayafyatua, tukapanga tanuri, na mimi mwenye miaka tisa nikapewa zamu ya kukesha na kaka zangu tukichochea moto. Asubuhi ya kulifungua, baba alichukua matofali mawili akayagonganisha. Yalilia kama chuma. "Yameiva," akasema. Sikumbuki kumwona na furaha kama ile.

Miaka ya mwanzo ukuta ulikuwa mtupu, matofali mekundu yaliyoshikwa kwa udongo. Masika ulilowa kidogo chini, na ikifika Juni upepo ukaukausha. Alama zote za miaka ile zimesongamana pale chini, huwezi kuzitenganisha.

Mwaka 1996 baba alipata fedha za chai akanunua saruji. Nyumba ikapigwa lipu nje pande zote, kisha chini ikazungushiwa ukanda wa rangi ya mafuta, kahawia, kimo cha mita moja. Nani hakuutamani ukanda ule? Ndio uliokutambulisha kuwa una nyumba ya maana, na tope la mvua ulilifuta kwa kitambaa tu. Nilikuwa nafanya kazi Mbeya wakati huo. Nilipokuja Krismasi nilisimama barabarani nikaitazama kwa fahari.

Aprili iliyofuata alama ilipanda hadi gotini.

Tukadhani saruji ilikuwa haba. Mwaka 2003 lipu ikarudiwa, nzito zaidi, na unyevu nao ukazidi kupanda. Ndani rangi ilitoa malengelenge, ukiyagusa yanapasuka na kumwaga unga mweupe wa chumvi. Nyuma ya kitanda fangasi ikatanda nyeusi. Mama akasogeza kitanda katikati ya chumba, na usiku akawa anakohoa. Baba alifariki mwaka 2006 akiamini kosa ni lake, kwamba matofali yake hayakuiva. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 2010 nilimleta fundi mzee aliyezoea kukarabati majengo ya zamani ya misheni. Hakuugusa ukuta. Alizunguka nyumba akitazama chini, kisha akamwuliza mama, "Mama, msingi wa nyumba hii uko wapi?" Mama hakuwa na jibu. Tulipochimba, tuliyakuta mawe ya msingi kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Miaka yote ile udongo ulikuwa ukishuka na mvua kutoka kwenye migomba ya juu, sisi tukifagia na kuusukumia ukutani, hadi ukazifunika kozi mbili za matofali. Na maji ya bati, lenye upenu mfupi, yalidondokea papo hapo.

Tofali, alisema, linanyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Zamani maji hayo yalitokea nje, jua na upepo vikayachukua. Tulipoufunga ukuta kwa saruji na rangi ya mafuta, yakakosa njia ya nje, yakapanda juu na kutafuta njia ya ndani. Yanapanda na chumvi ya udongo. Maji yakikauka chumvi inabaki, inaumuka ndani ya tofali na kulimega uso. Hata mvua iliyopenya kwenye nyufa za lipu ilishindwa kutoka. Kumbe ile lipu nzito ya 2003 ndiyo iliyozidisha ugonjwa.

Alianza kuibandua kwa patasi na nyundo. Kozi nne za chini zilikuwa zimelika, ukizikwangua kwa ukucha zinamwagika. Alipofika juu yake akageuza nyundo, akagonga tofali moja kwa mpini. Likalia. Akagonga la pili, la tatu. "Mama, haya yameiva kweli. Aliyeyachoma alijua kazi." Mama aliketi kwenye kigoda akajifunika uso kwa kanga.

Tuliondoa udongo hadi mawe ya msingi yakaonekana, tukachimba mtaro unaoshukia bondeni, tukafunga gata na kurefusha upenu. Matofali yaliyolika yalitolewa moja moja na kuwekwa mengine. Katikati ya matofali tukajaza chokaa ya Songwe iliyochanganywa na mchanga. Lipu hatukurudisha. Majirani walimpa mama pole kwa nyumba kuvuliwa nguo.

Aprili 2011 alama ilikuwa pale pale. Nilitaka kukata tamaa, nikampigia fundi. "Ukuta umekunywa miaka kumi na minne," akaniambia, "uache upumue." Mwaka uliofuata ikashuka kiganja kimoja. Kona ya jikoni, upande wa mlimani, bado inalowa, na sijapata dawa yake.

Siku hizi macho ya mama ni mabovu, kisu nakishika mimi. Masika iliyopita aliweka kiganja ukutani, akaanza kupapasa kutoka kiunoni kwenda chini. Akashuka, akashuka tena, hadi akalazimika kuinama na kushika bega langu.

"Hapa," akasema.

Nikachora.