Mfongo na Shule

Katika Marangu, maji ya Kilimanjaro hushuka mashambani kwa mfongo. Kila ukoo una zamu ya kunywesha migomba yake, na kila ukoo una siku ya kuzibua. Asiyezibua hana uso wa kudai maji.

Shule nazo zilianza hivyo: misheni ya Kilutheri ilifundisha, wazazi wakajenga. Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitia mkononi mwa Serikali, mtoto asibaguliwe kwa dini yake. Lilikuwa jambo la haki. Leo Wizara ya Elimu hutunga sera na kuthibiti ubora. TAMISEMI huendesha shule kwa njia ya halmashauri. Ada ikaondolewa 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 hadi cha sita.

Walakini paa livujapo, mzazi husema, "Ni la Serikali", ofisi nayo husema, "Wazazi wajitolee." Baina ya kauli hizo mbili mtoto hulowa. Serikali ni chemchemi, na chemchemi haina budi kutoa maji. Lakini haishuki kuzibua mfongo. Michango ya lazima imekwisha, wajibu haukwisha. Sheria ilihamisha milki ya shule, uzazi haikuuhamisha.