Picha Inayopunga Mkono

Je, umepata kuona picha ndogo inayotembea katika kompyuta? Kwa kweli haitembei. Ni picha nyingi zilizotulia, zinazofuatana upesi, kwa mfano 12 kwa sekunde moja. Macho na ubongo huziunganisha.

Nilipoanza kujifunza kazi hii, nilichukua picha pekee ya marehemu babu, nikataka apunge mkono. Niliusogeza mkono kidogo, nikahifadhi. Nikausogeza tena, nikahifadhi. Mwishowe nilibaki na picha moja tu, yenye mkono uliopinda vibaya. Picha ya kwanza ilikuwa imepotea.

Sababu ni hii: picha ya kompyuta ni vitone vingi viitwavyo pikseli. Rangi ya kila kitone huandikwa kwa namba. Ukihifadhi picha mpya kwa jina la zamani, namba mpya hushika mahali pa zile za kwanza.

Basi, nakili picha kabla ya kuigusa, uipe nakala jina jingine. Katika programu kama GIMP, weka kila hatua ya mwendo katika tabaka lake. Kisha hifadhi matabaka yote pamoja kwa mtindo wa GIF, uliotolewa mwaka 1987.

Mimi nilichelewa kuyajua hayo. Wewe usichelewe.