Mzee aliponibebea fimbo Uskoti

Msomaji wangu, najua utacheka. Mtu mzima na akili zangu, bati la nyumba linavuja, nakwenda Uskoti wiki nzima kufukuza kimpira kwa fimbo. Cheka tu, nimeshazoea. Mama watoto alicheka wiki moja, halafu akanuna wiki mbili.

Lakini safari haikuwa yangu. Mdogo wangu anaishi Glasgow miaka mingi sasa, naye ndiye aliyekata tiketi 2, yangu na ya mzee wetu. Mzee ana miaka 76. Alikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji gofu, katika klabu moja ya hapa nchini tangu ujana wake mpaka mgongo ulipogoma. Wakubwa aliowabebea walikuwa wakimsimulia St Andrews kana kwamba ndiko jua linakochomozea. Akaapa ataiona kabla ya kufa.

Siku ya kwanza tulipelekwa Blantyre, nje kidogo ya Glasgow, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813. Hapo ndipo palikuwa makazi ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, familia nzima chumba kimoja! Mzee alitikisa kichwa. Kilichomsimamisha zaidi ni habari za Susi na Chuma, waliobeba maiti ya yule bwana na wenzao hadi Bagamoyo. "Hao ndio wanaume," akasema, akaenda zake.

Edinburgh tuliipita haraka. Ngome juu ya mwamba, ngazi nyingi, magoti ya mzee hayakutaka. Saa 7 mchana ukapigwa mzinga kutoka ngomeni, desturi yao hiyo, Jumapili haupigwi. Mzee aliruka, akaniuliza kama wamepindua serikali. Nilichokipenda mimi ni treni kupita juu ya daraja la Forth, lichuma lekundu la mwaka 1890 ambalo bado linapiga kazi.

Jumatano tukawa Carnoustie, pwani ya mashariki, upepo wa bahari unakupiga mpaka kwenye mfupa. Kuna kijito pale, Barry Burn, kinajipinda kama nyoka kwenye mashimo ya mwisho. Mwaka 1999 Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la 18 akihitaji mapigo 6 tu achukue ubingwa wa Open. Mpira ukazama kijitoni, bwana mkubwa akavua viatu na soksi, akaingia majini mbele ya dunia nzima. Akapiga 7, na kwenye mchezo wa marudiano kombe likaenda kwa Mskoti Paul Lawrie. Mimi sikuwa na kombe la kupoteza. Nilipoteza mipira 3.

Basi, pale shimo la kwanza, kabla sijapiga, nageuka namkuta mzee amelitia begi langu begani. Ameshachagua na fimbo, ananipa. Nyuma yetu Wazungu wawili wanasubiri zamu. Sijui nini kilinipata, nikamnyang'anya lile begi.

Mzee akanitazama. "Bado unaona aibu?"

Lile neno "bado" lilinichoma, ndugu yangu. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu alituuliza kazi za wazazi wetu. Nikasema baba yangu ni karani wa klabu. Miaka yote nikadhani siri ile ninayo peke yangu. Siku hiyo nilipiga vibaya kuliko siku zote, na si kwa sababu ya upepo.

Sasa St Andrews. Kucheza pale Old Course si kujiendea tu kama sokoni. Unalipa zaidi ya pauni 300, uwe na cheti cha hendikapu, na kama hukuweka nafasi mapema unaingiza jina kwenye bahati nasibu siku 2 kabla. Tuliingiza majina kwa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Tukatoka kapa mara zote 3. Mdogo wangu alisikitika kwa mdomo, mfuko wake ulishangilia.

Lakini Jumapili uwanja ule hauchezwi, na watu wote ruksa kuingia. Utaona mbwa, watoto, akina mama na vigari vya vichanga, wote wanatembea juu ya majani ambayo Jumamosi ungefukuzwa. Uwanja huu ndio ulioipa dunia mashimo 18. Awali yalikuwa 22, yakapunguzwa mwaka 1764, na wengine wakaiga.

Mzee alitembea mikono nyuma, polepole, kama mkaguzi. Akachungulia lile shimo la mchanga la 14 wanaloliita Jehanamu. Akainama kugusa majani. "Sisi kule tulikuwa tunasawazisha mchanga uliomwagiwa oili," akasema. Kwenye kidaraja cha mawe cha Swilcan watu walipanga foleni ya picha. Yeye alikivuka tu, akaenda kuchuchumaa mbele ya shimo la 18, akasoma mteremko. "Unakata kushoto."

Nikajikaza. "Baba, lile la karani..."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu wenu alikuja kunipa hongera ya kupandishwa cheo. Akaniuliza mshahara. Nikamwambia bado hawajanipangia."

Nami nikacheka, nikadhani yamekwisha. Yeye akanyamaza kidogo.

"Hilo la karani halikuniuma. Iliyoniuma ni siku ulipopita pale getini na wenzako. Nimebeba begi la watu, nakuita, ukageuza uso."

Msomaji, siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa nikiomba Mungu mzee awe ameisahau. Nikamwambia, "Nisamehe, baba." Akaniambia nimpe mkono ainuke, magoti yamekaza.

Jumatatu tukiwa uwanja wa ndege Glasgow alinyoosha mkono, akachukua begi la fimbo, akaliweka begani. Safari hii nilimwachia. Akalipima kwa kulitikisa mara moja.

"Kilo 13 hizi," akasema.

Mzani ukasema 13 na nusu. Mzee akamwambia yule binti wa kaunta kwa Kiswahili kwamba mzani wao ni mbovu.