Tangambili kwenye Ziwa Rutamba

Watu wa pwani huuita wakati huu tangambili. Kaskazi iliyotuchoma tangu Desemba imekata, kusi haijashika, na masika yanamalizia mvua zake. Lindi mjini mabaharia wanangoja upepo. Sisi wa huku ndani, kwenye Ziwa Rutamba kando ya msitu wa Litipo, tunangoja maji yashuke.

Ifikapo Aprili ziwa hufurika na kupanda kwenye nyasi. Perege tuliowazoea hutawanyika humo, na nyavu hurudi tupu. Wakati huohuo akiba ya ghalani imekwisha na mahindi ya shambani hayajakauka. Nyumba nzima humtazama mvuvi.

Sisi ni wavuvi wanne wa kanisa moja, wenye mitumbwi miwili. Mwaka mmoja tulitega usiku sita, tukapata kambale watatu tu. Usiku wa saba mmoja wetu alikuja na chandarua. Tulijua sheria inakataza, na tulijua sababu yake. Perege jike huatamia mayai kinywani mwake. Vifaranga wakianguliwa, huendelea kuwalinda. Wakiona hatari hukimbilia humohumo kinywani. Baadaye hukulia kwenye maji mafupi, katikati ya nyasi. Hapo hapo ndipo tulipokokota chandarua. Tulijaza ndoo mbili za samaki wasiozidi urefu wa kidole. Tukala. Jumapili tukasimama kwenye kwaya kama kawaida.

Hatukuulizana chandarua kimetoka wapi. Kilitoka kwenye kitanda cha mtoto wa mwenzetu.

Baada ya wiki mbili mtoto yule alishikwa na malaria kali. Usiku ule tulimpeleka zahanati kwa bodaboda, tukabaki nje tukiomba, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. Mzee wa kanisa, mvuvi wa zamani, alitukuta pale. Hakutuhubiria. Aliuliza tu, "Wanangu, mmekula samaki wa mwaka huu, au wa mwaka ujao?" Hatukuwa na la kumjibu.

Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Hatusemi kwamba Mungu alimpiga mtoto kwa ajili ya dhambi yetu. Baba yetu si wa namna hiyo. Mbu aliingia palipoachwa wazi, na sisi ndio tulioacha wazi. Tulichokifanya ziwani ndicho tulichokifanya nyumbani: njaa ya wakubwa tuliilipa kwa kinga ya wadogo.

Tangu hapo tunaisoma Luka sura ya 5 kwa macho mengine. Ziwa la Galilaya nalo ni la maji baridi, na lina samaki walio jamaa ya perege wetu. Zamani tulikimbilia pale nyavu zilipojaa hadi kutaka kukatika. Siku hizi tunakaa kwanza kwenye asubuhi ile, kabla ya muujiza. Simoni na wenzake wamekesha bila kupata kitu, na Yesu anawakuta wavuvi wakiosha nyavu zao. Aliyekata tamaa haoshi wavu. Wala mwenye imani hashiki kila kinachopita mbele yake.

Chandarua tulikishona, kikarudi kitandani. Wakati wa mavuno kila mmoja wetu sasa huweka debe la mahindi kanisani, na Aprili humfikia aliyepungukiwa, awe mvuvi au si mvuvi. Maji yakifurika tunapumzisha nyavu, tunatafuta kambale kwa ndoana, tunapalilia mihogo. Ni kipindi kigumu bado. Wapo watoto wanaolala na uji mwepesi, na yupo kati yetu anayelitazama ziwa kwa uchungu.

Kisha Juni huja, kusi ikishika na asubuhi zikipoa. Maji hurudi mahali pake, na perege nao. Mwaka mwingine huwa wengi, mwingine wachache. Tunapokea.

Bwana, utufundishe kungoja bila kuwaibia watoto wetu. Amina.