Supachaja ya Mjomba na chembe iliyopotea

Najua nimekaa kimya wiki kadhaa, na pengine mmedhani nimezama kazini. Kweli nilizama, ila si kwenye kompyuta. Nilikuwa Mtwapa, mikono imejaa oili hadi viwikoni, nikifungua supachaja ya jetski kuukuu ya Mjomba. Leo sina msimbo mwingi wa kuwaonyesha. Upo mstari mmoja tu, na huo mmoja umenitia aibu ya kutosha.

Tuanze na chombo chenyewe. Jet Ski kwa haki ni jina la biashara la Kawasaki, lakini ufuoni kwetu kila chombo cha aina hiyo huitwa jetski, na mimi nitafuata ufuo. Ya Mjomba ni ya kampuni nyingine, na jina lake naliacha kwa sababu makosa nitakayoyaeleza ni yetu wenyewe. Ni ya mwaka 2005, injini ya silinda tatu, lita 1.5, nguvu za farasi 215. Mjomba aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2019 na huwakodisha wageni kwa dakika. Ndiyo inayolipa karo ya binamu zangu wawili.

Injini ndogo kama ile hupataje farasi 215? Jibu ni supachaja. Hiyo ni feni iliyo ndani ya nyumba ya alumini, inavuta hewa, inaibana na kuisukuma kwenye injini ili mafuta mengi zaidi yaungue kwa kila mzunguko. Haizungushwi na moshi kama tabo ya gari la dizeli, bali na injini yenyewe kupitia gia. Injini ikifika mizunguko 8,000 kwa dakika, feni inazunguka zaidi ya mara 40,000. Soma tena hiyo namba. Kitu kinachozunguka hivyo hakitaki mchezo.

Basi Agosti 2023 Mjomba alinipigia simu.

"Mwanangu, hiki chombo chaenda, lakini hakina pumzi."

Nikamuuliza dashibodi inasema imetembea saa ngapi. Akasema 88. Nilikuwa nimesoma kitabu cha ufundi cha mashine ile: supachaja hufunguliwa na kukaguliwa kila saa 100. Nikamjibu kwa sauti ya msomi, "Bado Mjomba, haijafika. Badilisha plagi kwanza." Akabadilisha plagi. Akaendelea kukodisha.

Novemba niliposhuka pwani kwa treni, nilikuta hali imezidi. Mashine iliyokuwa ikifika karibu mizunguko 8,000 sasa inakwamia 7,100. Nikatoa bomba la hewa, nikaingiza vidole na kuitikisa feni. Ilicheza juu na chini. Feni nzima haitakiwi kucheza hivyo. Ukiona inacheza, jua beringi zimekwisha. Na kwenye ncha za panga zake palikuwa na alama za kukwaruza ukuta.

Nikamuuliza Mjomba kama dashibodi imewahi kuguswa. "Aa, ile ya zamani ilikufa kwa chumvi. Mwezi wa pili nilitia nyingine, ya mtumba."

Niliketi chini kwenye mchanga. Zile saa 88 hazikuwa za mashine yetu peke yake. Zilichanganyika na za mashine nyingine ambayo hatujawahi hata kuiona.

Sasa aibu yangu. Mwaka 2019, nikiwa bado chuoni, nilimwandikia Mjomba programu ndogo ya kuweka hesabu za kukodisha: tarehe, dakika, pesa. Aliniomba pia imkumbushe wakati wa kwenda kwa fundi. Nikaandika kwenye msimbo maneno haya: "ukumbusho wa fundi, baadaye". Hiyo baadaye haikufika. Usiku ule nilifungua kanzidata na kuandika mstari mmoja wa kujumlisha safu ya dakika. Jibu lilikuwa 17,940. Gawanya kwa 60. Saa 299.

Data ilikuwapo muda wote. Hakuna aliyeiuliza, na aliyepaswa kuiuliza ni mimi.

Kesho yake tukamwaga oili na kuitoa supachaja. Hapa nieleze kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu wa uhandisi. Jetski ikiruka wimbi, pampu yake inashika hewa badala ya maji na injini inapanda ghafla. Ikitua, maji yanaikaba na inashuka ghafla. Lakini feni ya mizunguko 40,000 haiwezi kubadili mwendo papo hapo. Kama ingefungwa moja kwa moja kwenye gia, meno yangekatika. Kwa hiyo ndani kuna klachi ya kuteleza: gia imebanwa kati ya washa mbili, na springi za sahani zinazikandamiza. Mshtuko ukija, gia inateleza kidogo, halafu inashika tena. Ni kama fyuzi, ila fyuzi hii haiungui. Inalika polepole.

Katika mashine za miaka ile washa hizo zilikuwa za kauri, ndugu yake kikombe cha chai. Kauri inavumilia joto na msuguano vizuri sana. Lakini ikichoka haipindi. Inavunjika. Na kwa kuwa supachaja inalainishwa na oili ileile ya injini, vipande vinasafiri hadi kwenye moyo wa mashine.

Nilipofungua, washa moja ilikuwa imelika lakini nzima. Ya pili ilitoka vipande vipande.

Fundi wa jirani akaleta sumaku. Nikamwambia asijisumbue, kauri haishikwi na sumaku. Tulitandaza kanga ya zamani ya Shangazi juu ya meza, tukaosha kila kipande kwa petroli na kuanza kukipanga mahali pake, kama watoto na picha ya kukatwakatwa. Vingine vilikuwa ndani ya nyumba ya supachaja. Vingine tulivikuta kwenye wavu wa kuchujia oili. Hadi magharibi duara lilikuwa limekamilika, isipokuwa pengo moja dogo kama punje ya mchele.

Siku ya tatu seti ya vipuri ilikuwa imefika: beringi mpya, sili, springi, na washa za chuma badala ya kauri. Jumamosi ilikuwa kesho, na kundi la wageni kutoka Nairobi lilikuwa limeahidi kukodisha siku nzima. Kaskazi ilikuwa imeanza, bahari imetulia kama maji ya mtungi. Mjomba alisimama mlangoni akaitazama ile meza.

"Punje moja tu, mwanangu?"

"Punje moja, Mjomba. Ikiingia kwenye beringi za injini, injini imekwenda. Na wageni wakiwa mbali na ufuo."

"Mara ya kwanza uliniambia bado."

Sikuwa na jibu. Nikamweleza yote: programu, ule mstari, saa 299. Nilitarajia anikaripie. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatoa simu na kuwaambia wale wageni wamtafute mtu mwingine. Nilisikia akiwaomba radhi mara tatu. Pesa ya wiki nzima ilipita mlangoni nikiitazama.

Jumamosi tukafungua sinia ya oili chini ya injini. Saa tisa alasiri fundi alipitisha kitambaa cheupe kwenye kona moja na kikatoka na kitu. Nilikiweka kwenye pengo. Kikaingia sawasawa. Shangazi alipiga kigelegele, na nadhani hakujua hasa kwa nini.

Kujenga upya kulikuwa kazi ya utulivu tu. Beringi zikaingizwa kwa mashine ya kukandamiza, si kwa nyundo. Kila nati ikakazwa kwa spana ya kupima nguvu. Kisha tukapima klachi yenyewe: unaishika gia isizunguke, unageuza shafti kwa spana ya kupima, unasoma nguvu inapoanza kuteleza. Ikiteleza mapema mno, utakosa pumzi. Ikikataa kuteleza, utavunja gia. Kitabu kinatoa kiwango cha chini na cha juu, na yetu ilianguka katikati. Tulitia oili isiyo na viungo vya kupunguza msuguano, maana oili ya namna hiyo huilegeza klachi. Tukaiwasha kwa muda mfupi, tukaimwaga oili yote, tukaipasua filta na kukagua kila kunjo la karatasi. Safi. Tukatia oili mpya.

Jumatatu Mjomba aliipanda mwenyewe, akaenda hadi mdomo wa mkono wa bahari na kurudi. Mizunguko 7,950. Aliposhuka hakuisifu kazi. Aliuliza tu, "Na ile programu?"

Niliandika ule ukumbusho usiku huohuo, nikiwa bado na weusi wa oili kwenye kucha. Mistari 12. Sasa kila Mjomba akiingiza dakika za mgeni, juu ya skrini anaona saa zilizobaki kabla ya kufungua supachaja. Dashibodi haiulizwi tena.

Kama nawe unayo mashine ya aina hii na hujui washa zako ni za nini, usingoje ikose pumzi. Na kama kwenye msimbo wako kuna mahali umeandika "baadaye", nenda ukapaangalie leo.

Mpaka wakati mwingine.