Hati Chini ya Magwanda

Mimi ni askari polisi, na hapa Uganda mshahara wa askari hautozwi kodi ya mapato. Kwa sababu hiyo nilidhani mambo ya kodi hayaihusu nyumba yangu.

Mama watoto ni fundi cherehani. Mwaka jana alishonea shule moja ya serikali sare za shilingi 5,000,000, akalipwa 4,700,000. Aliponiuliza, nilimjibu kwa ukali kwamba serikali ikishachukua imechukua.

Nilikosea, ndugu msomaji. Asilimia 6 ile ilikuwa kodi iliyokatwa mapema tu, na biashara ndogo kama yake, ambayo mauzo ya mwaka hayafiki shilingi 10,000,000, haidaiwi kodi ya mapato. Shilingi 300,000 zilikuwa zake. Ila hazirudi bila kuombwa. Mwaka wa kodi huisha tarehe 30 Juni, na taarifa ya mapato hupelekwa kabla ya Desemba kwisha. Yeye hakungoja Desemba. Mwezi wa Julai aliitoa hati ya makato sandukuni, chini ya magwanda yangu, akaenda ofisi ya kodi bila kuniaga.

Juzi aliniomba nimsindikize benki, akatazame kama zimeingia. Nilikwenda, kimya.