Mto Unaokupwa na Kujaa Bila Mwezi



Tangu nirejee safarini, akina mama wa darsa ya Alkhamisi hawajaniuliza habari za mihadhara niliyoalikwa kuitoa Marekani. Wanaloniuliza ni moja: je, ni kweli kwamba Sheikh alimpakia mkewe katika mashua ya mpira, wakashinda kutwa nzima katika mto wenye maji makali jangwani? Ni kweli. Na kwa kuwa habari ikipita midomo mingi hutiwa chumvi (nimekwisha sikia kwamba tulipinduka), nimeona bora niyaandike kama yalivyokuwa.

Tulikuwa wageni wa mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayeishi na mumewe na watoto wao katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona. Huko kuna joto ambalo hata mtu wa Mombasa hulistaajabia, kwa kuwa ni joto kavu. Jasho hukauka kabla hujalipangusa. Yeye ndiye aliyeipanga safari, akatukatia tiketi mapema, kisha akatuambia wakati hakuna tena nafasi ya kukataa. Ilikuwa mwezi wa Septemba.

Mto wenyewe ni Colorado. Jina ni la Kihispania, kwa maana ya kitu chenye wekundu, na uliponifikia machoni nikaona wameupa jina la haki. Unaanzia katika theluji za milima ya Rocky na kuteremka mwendo wa kilomita 2,300 hivi kuelekea Mexico. Katika Arizona umeichimba ardhi na kufanya korongo linaloitwa Grand Canyon, lenye urefu wa kilomita 446, na kina kinachopita kilomita moja na nusu katika sehemu zake za ndani kabisa. Hebu fikirini mnara wa msikiti wa mita 50. Ipangeni thelathini kama huo, mmoja juu ya mwingine, na bado hamjafika ukingoni.

Safari nyingi za mashua katika korongo hilo huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili na zaidi, watu wakilala mchangani. Ile ya siku moja ni ya kabila la Hualapai, wenyeji wa asili wa pande zile, ambao ardhi yao inapakana na mto kwa maili 108, yaani kilomita zipatazo 174. Wao ndio wenye mashua, wao ndio manahodha. Jambo hili lilinipendeza tangu mwanzo, kwa sababu mara nyingi mgeni huonyeshwa nchi na mtu ambaye naye ni mgeni.

Tuliondoka Phoenix siku iliyotangulia, mwendo wa saa nne hivi kwa gari, tukalala Peach Springs, mji mdogo ambao ndio makao makuu ya kabila hilo. Asubuhi tulipakiwa katika basi tukateremka njia ya vumbi ya Diamond Creek, ambayo ndiyo njia pekee ya gari inayofika mtoni ndani ya korongo. Njia hiyo mwisho wake haitofautiki na kijito. Gari huingia majini na kutoka, huingia na kutoka. Watoto walifurahi. Ahali yangu alikuwa akisoma nyiradi zake kimya kimya.

Hapa nije kwenye lile mlilolitaka hasa, yaani mavazi. Buibui halifai ndani ya mashua ya namna ile. Si kwa kuwa kuna aliyelikataza, bali nguo pana ya kitambaa kizito ikishiba maji huwa mzigo, nayo humvuta mtu chini wakati anapohitaji kuelea. Mpwa wangu alikuwa amelifikiria hilo. Aliwavika wanawake wote suruali pana za kitambaa chepesi kinachokauka upesi, kanzu fupi zinazopita magoti, na mitandio ya kuogelea isiyofunguka, inayoshika kichwa na shingo. Juu ya yote hayo likaja jaketi la kujiokolea, ambalo ni nene na pana, na wallahi sijaona vazi linalositiri kiwiliwili kuliko hilo. Buibui kavu zilitiwa katika mfuko usiopenya maji, zikangoja wakati wa Sala.

Nahodha alimkagua kila mmoja wetu kabla ya kumruhusu kukanyaga mashua. Ilipofika zamu ya ahali yangu alimwita mpwa wangu, akamwonyesha kamba za kukaza na namna ya kuzikaza, yeye mwenyewe akasimama mbali. Hatukuwa tumemwomba. Adabu ya mtu huijua kabla hujalijua jina lake.

Ahali yangu amezaliwa na kukulia kisiwani. Dirisha la kwao lilitazama bahari. Ndugu zake wa kiume walijitupa gatini tangu wana miaka mitano, wakajifunza wenyewe kama wanavyojifunza watoto wa bata. Yeye na dada zake waliishia kukaa juu ya ngazi na kuwatunzia nguo. Na huyo ni mmoja tu. Waulizeni mama zenu na bibi zenu wa mwambao ni wangapi wanaojua kuogelea. Tunaishi juu ya maji, tunavuka maji kwenda harusini na matangani, na nusu ya watu wetu tumewaacha hawana hata elimu ya kujiokoa kwa dakika tano. Msiba wa feri ya Mtongwe wa Aprili 1994 ulichukua roho 272, na sidhani kuna nyumba Mombasa isiyojua mtu aliyempoteza mtu siku ile. Tumesoma khitma, tumesamehe, tumerudi kama tulivyokuwa. Rai yangu, na nimeitoa mimbarini kabla ya kuitoa hapa, ni kwamba kumfundisha binti kuogelea mahali penye stara, na mwalimu mwanamke, ni katika kuhifadhi nafsi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu. Anayeona haya kumpeleka binti yake aone haya zaidi kumvusha kila siku bila ujuzi wowote.

Turudi mtoni. Mashua ni ya mpira, kubwa, yenye mashine nyuma. Nahodha huketi tezi, na wanaotaka kurowa huketi omo. Maji yanapotulia mtu hudhani yuko Mkanda wa Lamu. Kisha kuta hukaribiana, sauti huanza kusikika kabla ya kitu kuonekana, na mto huinama. Hayo maji ya kasi hayakupewa majina ya fahari, mengi huitwa kwa nambari za maili tu: 231, 232. Wimbi hapa si kama la bahari. La bahari hutembea na wewe hulipanda; la mtoni husimama mahali pamoja juu ya jiwe lake, nawe ndiye unayeletwa kwake. Likitupiga usoni lilikuwa baridi la kukata pumzi, ilhali jua la jangwani liko juu ya vichwa. Miamba ya pande hizo ni myeusi, imesuguliwa na maji hata inang'aa kama chungu kilichopakwa mafuta, na wataalamu wa mawe wanaihesabia umri wa miaka bilioni 1.7 hivi. Mtoto mmoja alinishika mkono akaniuliza, “Babu, wakati huo kulikuwa na nani hapa?” Nikamwambia, aliyekuwepo kabla ya kila kitu.

Mahali pa 232 pana mawe makali yaliyochomoza majini mithili ya meno. Nahodha alituhadithia habari ya maharusi wawili, Glen na Bessie Hyde, walioingia korongo hili mwaka 1928 na mashua waliyoijenga wenyewe. Bessie alitarajia kuwa mwanamke wa kwanza kujulikana kulipita korongo lote kwa mashua. Mashua yao ilionekana karibu na maili 237, imesimama sawa, vitu vyao vimo ndani. Wao wenyewe hawakuonekana tena hadi leo. Hawakuwa na majaketi ya kujiokolea. Walishauriwa wayachukue, mume akakataa. Tulipokwisha kusikia hayo nilimwona ahali yangu akizivuta kamba za jaketi lake, kisha za mtoto aliyekaa mbele yake, kisha, bila kuniangalia, zangu.

Kabla ya hapo tulikuwa tumesimama ufukweni na kupanda kwa miguu, na mahali pengine kwa kamba, hadi kwenye maporomoko madogo ya maji yaliyojificha ndani ya pango la mawe. Wanawake walipanda wote. Mimi nilichukua muda.

Tulipoteremka kula chakula cha mchana ndipo nilipoliona jambo lililonishughulisha kuliko mawe na mawimbi. Mchangani palikuwa na mstari wa unyevu, juu kidogo ya maji, na mashua iliyofungwa ikielea ilikuwa sasa imeanza kukaa. Maji yanakupwa! Nikamwuliza nahodha, nikidhani macho yananidanganya, kwa maana bahari iko mbali mno. Akacheka, akasema ndiyo, mto huu unakupwa na kujaa, lakini mwezi hauhusiki. Karibu kilomita 390 juu yetu kuna bwawa la Glen Canyon, lililofungwa mwaka 1963, linalozalisha umeme. Watu wa mijini wanaporudi nyumbani na kuwasha mashine za kupoza hewa, umeme huhitajika zaidi, maji mengi zaidi huachiwa, wanapolala, hupunguzwa. Kupwa na kujaa huko huteremka mtoni, hutufikia baada ya siku mbili na zaidi. Hivyo maji yaliyokuwa yakitupungukia yalikuwa ni usingizi wa watu wa juzi. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, akasema, “Mjomba, basi sisi nyumbani kwetu tumo humu.”

Nahodha alifunga mashua kwa kamba ndefu, kama anavyofunga baharia wetu anayeujua mwezi wake. Elimu ni ile ile. Kilichobadilika ni anayeyaamrisha maji.

Ikawadia adhuhuri. Wengi wameniuliza juu ya udhu kwa maji yale mekundu. Maji yaliyobadilika rangi kwa udongo wa njia yake hubaki tohara na yenye kutoharisha, na hilo ni katika masuala ya mwanzo kabisa tuliyoyasoma chuoni. Tulitawadha tukijizuilia na israfu, kama tulivyofundishwa kufanya hata ukingoni mwa mto unaopita. Kibla nilikitafuta kwa jua, kwa kuwa simu zilikuwa hazina mtandao. Jua linapokuwa kati, kivuli cha fimbo hulala kaskazini, na kutoka Arizona kibla ni kaskazini ukipinda kuliani kidogo. Hili liliwashangaza watoto, na linafaa kuwashangaza wengi: sisi wa Mombasa husali kuelekea kaskazini karibu sawasawa, na wao, upande wa pili wa dunia, pia kaskazini. Wanawake walivaa buibui kavu juu ya nguo mbichi. Tulisali Adhuhuri na Alasiri rakaa mbili mbili kwa kukusanya, kwa kuwa tulikuwa wasafiri. Abiria wengine walikula kimya hadi tulipotoa salamu. Chakula chetu kilikuwa mahamri na samaki wa kukaanga wa mpwa wangu, na haikubaki hata kipande, maana hao abiria nao walikaribishwa.

Baada ya hapo mto ulitulia, na kuta zake zikawa za tope, ndefu, zikimeguka na kuanguka majini kwa kishindo. Hapo zamani palikuwa ni chini ya ziwa, lile la bwawa la Hoover, lililokamilika mwaka 1936. Ziwa limerudi nyuma, tope likabaki limesimama. Miaka mingi sasa Colorado hukauka kabla ya kuifikia bahari. Kila tone limekwisha kuandikiwa mwenyewe.

Na wenye mto? Kabila la Hualapai lilipelekwa uhamishoni kwa nguvu mwaka 1874, wengi wakafa, waliosalia wakarudi wenyewe, na mwaka 1883 wakawekewa mipaka ya ardhi waliyonayo. Maili 108 za ukingo, na bado watu wake waliishi kwa kutegemea visima, wakiyatazama maji yao yakipita chini kwenda kumwagilia bustani za miji ya mbali. Sheria ya kuwatambulia fungu lao la maji ya Colorado, pamoja na dola milioni 312 za kuwawezesha kuyafikisha majumbani, ilitiwa saini Januari 2023 tu. Nahodha aliyaeleza haya bila ghadhabu, kwa sauti ya mtu anayehesabu. Mimi nilikuwa nikiwafikiria watu wa Taita Taveta, ambao maji ya chemchemi ya Mzima hupita katika ardhi yao kuja Mombasa, na madai yao tunayasikia redioni kila mwaka, kisha tunafungua mfereji. Siku mfereji usipotoa, tunanunua mtungi kwa mwenye mkokoteni na kulalamika kana kwamba sisi ndio wa kwanza kudhulumiwa.

Safari ya mtoni huishia kwa helikopta, inayomwinua mtu kutoka majini hadi ukingoni mwa korongo kwa dakika chache. Nilifumba macho, sina zaidi la kuwaelezea. Kisha basi likaturudisha Peach Springs, tukakuta majaketi ya mashua nyingine yametundikwa yakauke, makubwa kwa madogo. Ahali yangu alilitoa lile dogo kuliko yote, akalipima kwa shubiri zake, mbili na kitu, akanitazama kuuliza kama mjukuu wetu wa Kisauni amefikia kimo hicho, kisha akamtuma mpwa wangu amwulize binti wa ofisini ni wapi yanapouzwa.